Barua ya wazi kwa mnaomlinda mlaji: bajaji ilikuja na ugonjwa wake, waranti ikaisha kabla haujaonekana

Kwa Waziri wa Viwanda na Biashara, kwa Tume ya Ushindani yani FCC, kwa Shirika la Viwango yani TBS, kwa wadhibiti wa usafiri wa ardhini yani LATRA, na kwa waheshimiwa wabunge mnaopitisha sheria.

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, naishi Kihonda, na mbali na chaki nina bajaji moja inayopiga kazi stendi ya Msamvu. Nikisema bajaji nasema kimtaani, huku kwetu chombo chochote cha miguu mitatu cha kubeba abiria ni bajaji hata kiwe kimetoka kiwanda gani, kama ambavyo dawa yoyote ya meno tunaiita kolgeti. Kiwanda kilichotengeneza ya kwangu sikitaji na wakala aliyeniuzia simtaji pia, sikuja kumchafua mtu. Nina jambo moja tu la kuwauliza, ila halieleweki bila stori yake kwa hiyo mnivumilie.

Bajaji niliinunua tarehe 11 Januari mwaka jana, mpya kabisa, nailoni bado zipo kwenye siti. Milioni tisa na laki mbili. Hela hiyo nilikopa benki kwa mshahara wangu, mkopo wa miezi 36, kila mwezi wanakata kabla sijaona hata harufu ya mshahara. Nikapata kijana wa kuendesha, mtulivu, hanywi, hesabu ni elfu kumi na tano kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili chombo kinapumzika na yeye anapumzika. Nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa na kadi ya waranti, kadi nzuri yenye plastiki juu, nikaiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Kadi inasema mwaka mmoja au kilomita 20,000, kinachotangulia. Na inasema hivyo kwa Kiingereza tena kwa maandishi madogo ambayo mimi na miwani yangu tulipata tabu. Nilivoisoma siku ile nikaona mwaka mmoja, nikaridhika. Kilomita 20,000 zilinipita hivi hivi, na mimi ndo mwalimu wa hisabati la sita, aibu naisema mwenyewe.

Sasa tufanye hiyo hesabu. Bajaji ya Msamvu ikifanya kazi vizuri inakimbia kama kilomita 150 kwa siku, Kihonda, Mazimbu, mjini, Bigwa, inarudi stendi, inaenda tena. Mara siku 26 za mwezi ni 3,900. Gawanya 20,000 kwa 3,900. Unapata miezi mitano na siku kidogo. Yani ile "mwaka mmoja" iliyoandikwa kwa wino mzito pale juu ya kadi haiwezi kumfikia mtu yeyote anayefanyia bajaji kazi yake. Bajaji ya kufika mwaka ndani ya waranti labda ni ya kwendea kanisani. Muuzaji anajua, kiwanda kinajua, na nyie mnaosimamia nadhani mngekaa na kalamu dakika mbili mngejua. Mkopo miezi 36, waranti miezi mitano, hiyo ndo biashara tuliyouziwa.

Mwishoni mwa Juni kijana akanipigia nikiwa darasani. Sikupokea, akapiga tena, nikatoka nje. "Mwalimu, chombo kimezima, nipo Nanenane, injini inagonga kama cherehani." Alikuwa ameisikia toka asubuhi inalialia kwa juu, akaangalia oil, oil ipo, akaendelea, mchana ikazima na kiki haishuki. Imenoki, yani injini imekwama. Dashibodi inasoma 21,340.

Kilomita 1,340 juu ya waranti. Mwendo wa siku tisa.

Tukaikokota mpaka kwa wakala. Pale nilikuwa nimeshaenda mara tatu kwa sevisi maana kadi inasema ukifanya sevisi nje waranti inakufa, kwa hiyo nikawa natii, nalipa oil elfu ishirini na nane wakati mtaani oil ileile ni elfu kumi na nane, wanagonga muhuri, narudi nyumbani najiona mjanja. Mihuri yote mitatu ipo. Yule dada wa mapokezi akaangalia kadi, akaangalia dashibodi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, ungekuja wiki mbili nyuma tungekusaidia. Saivi mfumo hauwezi kukubali." Nikamuuliza wiki mbili nyuma ningekuja kufanya nini na wakati chombo kilikuwa kizima? Hakuwa na jibu na mimi simlaumu, yeye siyo aliyeandika kadi.

Akaja mkubwa wake. Huyo alisema vitu viwili. Kwanza ni uchakavu wa kawaida. Pili akaniangalia vile mtu anamwangalia mwanamke mwenye chombo, akasema, "Mama, hawa madereva wenu ndo wanaua vyombo, mwulize kijana wako vizuri." Kutengeneza wao wakataka milioni moja na laki moja na nusu, na wala hawajafungua hata bolti moja kuangalia kimekufa nini.

Na hapa nikiri kosa langu. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikamnyang'anya kijana funguo, nikamwambia maneno ambayo mtoto wa mwenzio humwambii, kwamba ameendesha bila oil, kwamba alikuwa anabebesha magunia usiku. Akanyamaza. Akasema tu, "Sawa mwalimu," akaondoka kwa miguu kutoka kwangu mpaka Chamwino anakoishi, na siyo karibu.

Siku mbili baadae nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, mzee mmoja ana banda lake nyuma ya stendi. Nikamwambia shusha injini mbele yangu, nataka kuona. Kabla hajafungua akaniita, "Mwalimu njoo uone," akanionesha bolti za injini. Kila bolti ina mstari mdogo wa rangi ya njano umepita juu ya bolti mpaka kwenye bodi, ile ni alama ya kiwandani, wanaiweka wakishakaza ili ijulikane. Mstari haujakatika hata mmoja. Maana yake toka kiwandani mpaka siku ile hakuna spana iliyowahi kugusa pale. Akafungua. Pistoni imekwaruzwa, silinda ina mifereji unaisikia kwa kucha, na juu kule kwenye kichwa cha injini kamshafti imelika kama meno ya mzee. Oil ipo chini imejaa, juu hakukuwa na kitu, pakavu.

Akachukua waya mwembamba akauchomeka kwenye tundu la oil inayopanda juu. Ukagoma. Akasukuma, akapuliza na kompresa, ikatoka. Kipande cha gundi ya gasketi, ile silikoni, kimekauka, ukubwa wa punje ya mchele, rangi ya kijivu. Akakiweka kwenye kizibo cha soda akanipa. "Mwalimu," akasema, "sisi huku silikoni yetu nyekundu au nyeusi, ndo zinazouzwa madukani hapa. Hii ya kijivu mimi sinayo na sijawahi kuinunua."

Kwa hiyo yule aliyeifunga injini kule kiwandani alipaka gundi nyingi kupita kiasi, ikamwagikia ndani, ikakauka, ikakaa. Miezi mitano inatembea na oil ikipanda kidogo kidogo, ikaja kunyonywa mpaka kwenye tundu, ikaziba. Dereva hakuwa na kosa. Tena aliangalia oil asubuhi ileile akakuta ipo, angefanya nini zaidi ya hapo, aende na darubini?

Nilienda Chamwino mwenyewe kumwomba msamaha. Amerudi kazini lakini mpaka leo akinipa hesabu haniangalii usoni kama zamani.

Sasa ndo nije kwenye swali. Kile kipande cha gundi kilikuwepo ndani ya injini tarehe 11 Januari wakati napewa risiti. Kilikuwepo muda wote wa waranti. Kasoro haikuanza kilomita ya 21,340, kilomita ya 21,340 ndo ilijionesha. Je, aliyeniuzia chombo chenye kasoro toka siku ya kwanza anaachiwa huru kwa sababu tu kasoro ilichelewa kujitokeza kwa siku tisa?

Maana kwa ninavoelewa mimi, na nimekaa na mtoto wa dada yangu anayesoma sheria tukapekua, waranti ni ahadi ya muuzaji. Ni nyongeza. Sheria ya nchi ipo hata kama muuzaji asingetoa kadi yoyote. Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imetokana na ile ya Waingereza ya mwaka 1893, na inasema anayefanya biashara ya kuuza kitu fulani akikuuzia, ndani ya mauziano yale kuna sharti hata kama halikuandikwa, kwamba kitu kiwe cha ubora unaofaa kuuzwa na kifae kwa kazi uliyomwambia unakinunulia. Mimi nilimwambia wakala kwa mdomo wangu nataka bajaji ya biashara. Alafu tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndo imewazaa nyie FCC, nayo ina sehemu zinazohusu masharti ya lazima kwenye mikataba ya mlaji na wajibu wa watengenezaji. Na Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 6 kufungua madai ya mkataba. Sita. Kwa hiyo sheria inanipa miaka sita, kadi inanipa miezi mitano, na dunia nzima kuanzia dada wa mapokezi mpaka mkubwa wake wanaisoma kadi tu kana kwamba ndo msahafu.

Na siyo wao peke yao. Nilienda ofisi moja ya umma pale mjini, siitaji, nikamkuta bwana mmoja mstaarabu, akaniuliza swali moja tu, "Waranti ipo?" Nikasema imeisha. Akafunga daftari. Hilo daftari kufungwa ndo limenifanya niandike hii barua kwa kweli, kuliko hata hela.

Kuna mwingine akaniambia wewe siyo mlaji, wewe ni mfanyabiashara, bajaji yako ni ya biashara. Jamani! Mlaji ni nani basi? Anayenunua bajaji kwendea sokoni? Mimi sikuinunua niiuze tena, sikuinunua niisage nitengenezee kitu kingine, nimeinunua niitumie mpaka ichakae. Bajaji na bodaboda karibu zote nchi hii ni za kazi, kwa hiyo kama mwenye chombo cha kazi siyo mlaji basi wauzaji wa vyombo hivi hawana mlaji hata mmoja, wako huru kama ndege. Naomba FCC mlitamke hili wazi kwa Kiswahili, mbandike kwenye kuta za maduka, kwamba mwenye bajaji moja ni mlaji na analindwa.

Najua kuna upande wa pili na mimi siyo mtu wa kuonea. Bajaji zetu zinateseka. Siti ya watu watatu wanakaa watano na dumu la mafuta ya kupikia katikati ya miguu, barabara za Mji Mpya zina mashimo ya kufugia samaki, wako madereva wanaweka oil iliyochujwa chujwa, na wako wenye vyombo wasiofanya sevisi mpaka ilie. Muuzaji hawezi kubeba hayo. Klachi ikiisha, breki zikiisha, tairi likiisha, kebo ikikatika, hayo ni yangu na sijawahi kumpigia mtu simu. Sidai injini ya milele. Lakini uchakavu unajulikana na kasoro ya kuzaliwa nayo inajulikana, fundi wa nyuma ya stendi aliijua kwa waya na kizibo cha soda, itakuwaje wakala mwenye mashine za kompyuta ashindwe kufungua hata bolti moja?

Tena siyo yangu tu. Nilipoisimulia kijiweni wakajitokeza wengine wawili, wamenunua palepale, Januari ileile, mmoja ilinoki kwenye 19,000 akatengenezewa bure kwa waranti na hakuambiwa tatizo lilikuwa nini, mwingine ilinoki 24,000 akauza chombo kama skrepa akarudi kwao Kilosa kulima. Namba zetu za chasisi zinapishana tarakimu za mwisho tu. Huyo wa 19,000 ndo anayeniuma zaidi. Maana yake wakala aliifungua injini, akaona, akajua. Akakaa kimya. Alafu mimi nafika na kitu kilekile naambiwa dereva wako.

Wenzetu hili wamelivuka na wala siyo kwa miujiza. Uingereza kwa sheria yao ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza inahesabika ilikuwepo toka siku ya kuuziwa, muuzaji ndo athibitishe kwamba haikuwepo, na mnunuzi anaweza kudai mpaka miaka 6 ikiwa kitu hakikudumu inavyotarajiwa. Sisi tumebaki na nakala ya sheria yao ya 1893, wao wenyewe wameshaibadilisha. Afrika Kusini, sheria yao ya 2008 inampa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha kitu kibovu, na yeye ndo anachagua kitengenezwe, kibadilishwe au arudishiwe hela. Wakenya wameweka haki ya mlaji kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46, kwamba bidhaa iwe na ubora na ukipata hasara kwa kasoro yake ulipwe, na wana mahakama ya madai madogo, mpaka shilingi milioni moja ya kwao, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mimi wakili wa hapa alitaka laki tano kwanza ndo afungue faili, kudai hela ambayo haifiki hata milioni moja na nusu.

Na msiambiwe kwamba viwanda haviwezi kugusa waranti iliyokwisha. Nissan kule Marekani, gia boksi zao za CVT, aina ya otomatiki, zilivyoleta malalamiko mengi, waliongeza waranti ya gia boksi mpaka miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya mwaka 2003 mpaka 2010, na wengine walikuwa waranti yao ya kwanza imeshaisha. Gari za miaka hiyo zenye gia boksi za namna hiyo tunazo barabarani huku, zimeletwa mtumba, na ahadi ile iliishia kulekule. Afrika Kusini mwaka 2017 Ford waliita zirudi Kuga 4,556 baada ya magari kuwaka moto, na mtu alishakufa. Hakuna aliyeambiwa onesha kwanza kama waranti inaishi. Kasoro ya kiwandani inafuata chombo, haifuati kalenda.

Sasa ninachoomba, na sipangi kwa namba maana mtaniambia nimeandika lesoni plani.

TBS, kwanza kabisa, kabla ya semina yoyote, pigeni simu kwa waagizaji wa bajaji mchukue namba za chasisi za mzigo ule wa Januari mkafungue injini chache. Kazi ya siku moja. Mkikuta gundi, basi wenye bajaji za mzigo ule waitwe. Na msiseme hamjui tulipo, kila chombo kimesajiliwa TRA, watu wa mapato, na jina la mwenyewe na namba ya simu, mimi meseji za kodi napata mpaka Krismasi, meseji moja ya kusema "chombo chako kina kasoro, kipeleke kwa wakala bure" itashindikana vipi? Magari ya mtumba ndo usiseme kabisa, zile eabegi za Takata, mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, zilizoitwa kurudishwa kwa mamilioni dunia nzima kwa sababu zinaweza kupasuka na kurusha vyuma, mwenye gari yake hapa Morogoro atajuaje kama yake imo? Na hiyo ni roho ya mtu.

FCC, kadi ya waranti iwe Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na mahakama iwe Kiswahili, yani jaji anatakiwa aandike hukumu kwa Kiswahili lakini kadi ya bajaji inayouzwa Msamvu kwa mtu aliyeishia la saba ni Kiingereza tupu. Na juu ya kadi hiyo pawepo sentensi moja kwa maandishi makubwa, kwamba kuisha kwa waranti hii hakuondoi haki zako za kisheria. Sentensi moja tu. Wauzaji wataichukia, ndo mtajua ina kazi. Na hicho kipimo cha kilomita mkiangalie kwa macho ya kazi ya chombo. Anayeuza bajaji ya abiria anajua ni ya abiria, asiandike mwaka mmoja juu wakati chini ameandika miezi mitano.

Alafu huu mtindo wa kulazimisha sevisi kwao tu la sivyo waranti inakufa, muuangalie. Kama fundi wa nje ametumia oil sahihi na ana risiti, kosa liko wapi? Na wakala akishafungua injini ndani ya waranti akakuta kasoro, alazimike kuiandika na kumpa mwenye chombo nakala, na nyie mpate nakala. Kama hilo lingekuwepo yule wa 19,000 angekuwa ameniokoa mimi.

Spea nazo. Kichwa cha injini orijino kilikuwa kwa wakala yuleyule tu, kikasubiriwa wiki tatu kutoka Dar, na Dar siku hizi treni ya umeme inafika Moro kabla hujamaliza soda. Anayeingiza chombo nchini awe na spea za chombo hicho.

Waheshimiwa wabunge, madai madogo. Tunahitaji mahali ambapo mtu anaenda na risiti, na kadi, na kipande chake cha gundi, anasikilizwa bila wakili ndani ya miezi miwili. Na muda wa mwanzo, hata miezi 12 tu bila kilomita, muuzaji ndo abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba chombo kilikuwa kizima alipokiuza. Mimi mwalimu nitathibitisha vipi yaliyofanyika kiwandani ng'ambo ya bahari? Mimi nilibahatika mstari wa njano haujakatika. Mwingine fundi wake hatauona.

LATRA nimewaweka kwenye barua kwa sababu mnatupa leseni na mnatukagua, na chombo kikiharibika njiani na abiria ndani mnatuuliza sisi. Siku ile ndani walikuwemo abiria wawili, mmoja ana mtoto mgongoni, na kilizima pembeni kwa bahati tu. Mkikagua vyombo vyetu rekodini na aina ya kasoro zinazojirudia, mkae na TBS muone chombo gani kinakufa mapema. Taarifa hizo zipo mikononi mwenu kila siku.

Kila mwaka tarehe 15 Machi mnaadhimisha Siku ya Haki za Mlaji Duniani, naona kwenye taarifa ya habari, fulana nyeupe na kofia. Mwakani kama mtakuwa na nafasi mje kijiwe cha Msamvu asubuhi, saa moja hivi kabla hakujachangamka. Fulana sihitaji. Leteni mtu anayejua kusoma kadi ya waranti.

Mkitaka kujua yangu iliishaje, fundi alitengeneza kwa laki sita na themanini, laki tano na thelathini spea na laki moja na nusu mkono wake. Chombo kilikaa chini wiki tano, siku 30 za kazi, hesabu laki nne na nusu haikuingia. Jumla milioni moja, laki moja na thelathini. Benki haikusimama hata siku moja. Kijana wangu hizo wiki tano alikuwa anabeba zege kwenye saiti ya mtu, na hilo sijui niliandike kwenye safu gani ya hasara.

Saivi bajaji inatembea, ina 58,000 na kitu, haijalia tena. Kipande cha gundi nimekiweka kwenye kichupa cha dawa ya macho kilichoisha, na karatasi ya tarehe, na picha za bolti kabla hazijafunguliwa ninazo kwenye simu, fundi yupo tayari kuja kusema alichokiona. Risiti ya EFD ipo, kadi ipo na mihuri yake mitatu. Nikiitwa nakuja navyo vyote, ila iwe siku ya likizo maana la sita wana mtihani wa kujipima mwezi ujao.

Ni mimi,
Mwalimu mwenye bajaji, Kihonda, Morogoro.